Alizeti Ndani ya Birika la Mama

Mtaa wa Mkomani,
S.L.P. 214,
Lamu.

Jumapili, 12 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Radhiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Ghassan na mwanangu Razan. Goti lako linaendeleaje? Ulinambia daktari amekukataza ngazi, nami nikacheka peke yangu, maana nyumba yetu hii ni ngazi tupu na ndiko unakotaka kuja kupumzika.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kaskazi imeingia na joto lake. Presha ya kaka Mahmud imeshuka tangu aache chumvi, yaani tangu mkewe aifiche. Mimi nina meno mawili yanayonisumbua na ulimi ambao hausumbuliwi na chochote, kama unavyonijua.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Faiz, mpwa wa shemeji, anarudi Maskati keshokutwa, na mtu hasafiri mikono mitupu. Nimempa chupa ya achari ya maembe, kashata kidogo na barua hii. Halafu wewe ukinipigia simu huniweka kwenye spika, nyumba nzima inanisikiliza, na haya ninayotaka kukwambia ni yako kwanza. Ijumaa uliponiuliza kisima vipi nikakujibu subiri, ulikata simu kwa hasira. Nilisikia. Sasa tafuta chai yako ukae.

Nitaanza nyuma kidogo, maana kwenye simu umeisikia habari hii vipande vipande, na vipande vingine nilivificha.

Unakumbuka baba alipotaka majirani wasiteke maji mpaka jua litoke, kwa vile ndoo zao zilikuwa zikigonga jiwe la kisima saa kumi alfajiri, chini kabisa ya chumba cha mama. Mama alikataa. Alisema, "Waateni wateke. Nami nkiwa tini ya mtanga, mlio huu ndio utakaonifikilia." Alikusudia akiwa kaburini. Na kweli, akakiweka kisima wakfu kwa mtaa mzima, na tangu Mungu amchukue kila ndoo inayotoka pale tunaihesabu ni thawabu yake. Wewe hukuwahi maziko. Najua kwa nini huniuliza habari za kisima kabla ya kuniuliza habari zangu, na sijawahi kukuona vibaya kwa hilo.

Basi mwaka jana baada ya Idi alikuja likizo Ibtihal wa kaka Mahmud, yule uliyemwacha hana meno ya mbele. Sasa anasoma kemia chuo kikuu, na anazungumza kama mtu anayelipwa kwa kila neno. Alikuja na chupa ndogondogo za kuchukulia maji ya visima vya mji ili akayapime. Nikampeleka kwetu kwanza, kwa majivuno, nikamwambia apime maji baridi yanavyotakiwa yawe, halafu ndipo aende kwa wenye visima vya chumvi.

Majibu yalirudi. Kisima cha mama kilikuwa na madini ya risasi, ileile inayoyeyushwa kutengenezea chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, tena mara kadhaa ya kiwango kinachoruhusiwa. Haina rangi majini, haina harufu wala ladha. Mtu mzima inamchosha, na mtoto mdogo inamla akili polepole.

Unadhani tulifanya nini? Tulifanya kile ambacho kila mtu wa Lamu angefanya. Tulikwenda wote kuchungulia samaki wa birika, lile hodhi la maji lililo uani. Sisi tumezaliwa tukiambiwa samaki wale ndio daktari wa nyumba, wanakula viluwiluwi vya mbu, na ukiwaona wanaelea matumbo juu ndipo uogope maji. Bi Nana wa nyumba ya pili, shoga yake mama, aliinama mpaka ushungi ukalowa, akatoa hukumu, "Mayi ni mazima. Samaki wa hai, tena wamenenepa." Kaka Mahmud akaitikia. Nami nikaitikia, na kwa sauti kubwa kuliko wao.

Ibtihal alitusubiri tumalize. Akasema, "Shangazi, samaki anakuonyesha sumu ya kuua leo. Hii haiui leo." Akaenda zake kuswali adhuhuri, na sisi tukabaki tunawatazama samaki kama mashahidi waliotuangusha mahakamani.

Kilichofuata ulikisikia. Bwana afya alikuja, mtu mpole mwenye miwani, akatufungia kisima. Kifuniko kilipigwa saruji pembeni kwa ajili ya watoto, na alama nyekundu ikapakwa juu. Watoto wa mtaa walipimwa damu. Wawili walionekana nayo kidogo, wakawekwa chini ya uangalizi wa daktari, na leo wanacheza mpira hapo nje hadi wametuvunjia taa ya mlangoni, kwa hiyo usitie wasiwasi. Lakini juu ya kisima Bwana afya alisema wazi: mpaka mwisho wa mwaka maji yawe yamesafika, la sivyo kinafukiwa.

Hapa ndipo nilipokuficha. Kaka Mahmud alikubali siku ileile. Alisema maji ya mfereji yapo, kisima cha nini, na akanunua mifuko ya saruji akaipanga dakani, pale barazani mlangoni, tayari kwa kazi. Usimkasirikie. Alikuwa anaogopa mtoto wa mtu asije akadhurika na maji ya mama yake, na hofu ile ilikuwa ya haki. Mimi nami nilikuwa na hofu yangu. Nilikuwa nikiamka saa kumi, nasikiliza, hakuna ndoo. Nyumba imenyamaza kabisa. Nikawaza, sasa mama anafikiwa na nini? Radhiya, nililia kwa hilo kuliko nilivyolia siku ya maziko.

Na chanzo chenyewe kilikuwa nani? Bwana Dawud, mshona nyavu wetu, jirani wa ukuta mmoja. Miaka yote wavuvi walimletea betri chakavu za mashine na za sola. Yeye alizipasua, akayeyusha risasi yake akafua chubwi, na yale maji makali ya ndani akayamwaga chini ya ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule ni kisima. Hakuna aliyewahi kuona ubaya. Baba mwenyewe alikuwa akizisifu chubwi za Dawud, kwamba zinaketi chini ya bahari kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Ibtihal alipomweleza, Bwana Dawud alikaa juu ya nyavu zake. Kisha akasema, "Nami na wanangu twanwa mayi hayo." Akalivunja jiko lake la kuyeyushia kwa mkono wake siku ile. Udongo wa uani kwake ulichimbwa ukatiwa kwenye mapipa, ukachukuliwa na watu wanaojua pa kuupeleka. Hakuna jirani aliyemtolea neno baya, na mimi mwenyewe, ambaye maneno mabaya ninayo akiba, nilimpelekea mkate wa sinia.

Sasa inakuja sehemu tamu. Udongo umeondoka, lakini maji yaliyomo kisimani je? Ibtihal akatuambia kuna mimea ambayo mizizi yake ikining'inia majini huivuta risasi na kuishika, maji yakabaki mepesi. Nikamuuliza ni mmea gani huo, nikitarajia dawa ya kutoka Uchina. Akasema alizeti. Nikamwambia mwanangu, alizeti tunaijua, ni mafuta ya kupikia. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

Mpango ulikuwa hivi. Pampu ndogo inavuta maji ya kisima na kuyatia katika birika kubwa la kiwandani, ndio uani kwetu. Humo birikani miche ya alizeti inaelea juu, mizizi iko chini majini. Maji yanakaa, mizizi inafanya kazi yake, kisha maji yanarudishwa kisimani na mengine yanavutwa. Hivyo hivyo, mzunguko kwa mzunguko. Mizizi ikishiba inang'olewa, inakaushwa na kufungwa ndani ya mifuko, na watu wa chuo wanaichukua. Haipewi mbuzi, haipewi punda, haichomwi. Nilimkariria punda wa muuza mchanga masharti haya kila aliposimama mlangoni na kuingiza kichwa, maana alikuwa amezipenda alizeti zile kuliko mtu yeyote wa nyumba hii.

Miche ilihitaji kitu cha kuifanya ielee, na hapo ndipo Bwana Dawud aliporudi mlangoni kwetu bila ya kuitwa. Alikuja na maboya ya zamani na nyavu mbovu begani. Akakaa kiwandani akashona vitanda vinavyoelea, kila kitanda kina matundu yake, kila tundu na mche wake. Mwezi wa sita birika la mama lilikuwa kijani kitupu. Ungeona, Radhiya. Zilipanda juu, na kwa vile jua kiwandani linaingia adhuhuri tu kupitia uwazi ule wa juu, zote zilikuwa zimeinua shingo upande mmoja, zimesongamana kama wanawake wanaochungulia bibi harusi.

Wasichana wa mtaa wakaanza kuja kupiga picha. Mmoja aliniambia, "Aunty, hapa ni poa sana, uko na page?" Nikamwambia nina sufuria jikoni haijasuguliwa, kama anataka kazi.

Lakini maji yalipopimwa, risasi ilikuwa palepale. Ilipungua chembe, basi. Na alizeti zenyewe zikaanza kunyauka bila sababu. Kaka Mahmud nilimwona ameipangusa vumbi mifuko yake ya saruji. Ibtihal alikuwa amerudi chuoni, kwenye simu sauti imemwisha. Alisema pengine maji ya kwetu yana chumvi kuzidi, pengine mbegu si nzuri, pengine yeye si mzuri. Nilimkemea kwa hilo la mwisho.

Siku moja baada ya alasiri nimekaa ukingoni mwa birika, nina huzuni zangu, nachambua mchele. Nikasikia kitu kama mtu anayekula biskuti kwa siri. Nikaitazama ile miche, inatikisika mmoja mmoja, na upepo hakuna. Nikauinua mmoja. Mizizi ambayo ilipaswa kuwa mirefu kama ndevu za kadhi ilikuwa imekatwa vipisi. Samaki, Radhiya. Samaki wa mama. Kazi yote ya chuo kikuu walikuwa wanaifanya kitoweo.

Nikampigia Ibtihal nikiwa nacheka hadi siwezi kusema. Akadhani nimepatwa na jambo. Alipofahamu akasema kwa adabu kwamba basi samaki itabidi waondoke. Kicheko kikanikauka. Wale si samaki tu, unajua. Ni kizazi cha wale aliowatia mama kwa mkono wake mwaka aliozaliwa Mahmud, na bila wao mbu wangetubeba mimi na kitanda. Nikamwambia yeyote mwingine atoke nyumba hii, hata mimi, samaki hawatoki.

Bwana Dawud alitupatanisha. Alitazama birika, akaupima mzizi mmoja kwa vidole vyake, kisha akaniambia, "Bi Sumeiya, nguo huvishwa mwenye baridi. Sisi tuwavishe wenye kuliwa." Akaenda kwake akashona mifuko ya wavu wa macho madogo sana, mirefu, yenye kamba ya kukazia juu, na akaivisha mizizi, mche baada ya mche. Maji yanapita, meno ya samaki hayapiti. Mtaa mzima ukaiita suruali za alizeti. Bi Nana alipoambiwa alisema miaka yake yote hajapata kuona mmea unaositiriwa, na akaomba zishonwe ndefu hadi chini, kwa heshima.

Tukapanda upya. Kufikia mwezi wa kumi nilipofungua suruali moja, mizizi ilinimwagikia mkononi, myeupe, minene, mirefu hadi kiwiko. Niliitazama nikasema moyoni, kumbe na wewe unamtumikia mama. Ibtihal alitaka ing'olewe yote kabla haijachanua, ndivyo sayansi inavyotaka. Nilimtii, isipokuwa mmoja. Ule ulifungua ua kubwa kama sinia ndogo, na Bi Nana alikuja kila siku kulitembelea akiulizia mbegu za kukaanga, na kila siku nikamkatalia, na kila siku akanuna upya.

Risasi ikashuka. Kipimo baada ya kipimo ikashuka. Lakini vile vilikuwa vipimo vya Ibtihal, na Bwana afya alitaka chake mwenyewe. Mwishoni mwa Disemba akaja na mtu wake, akachota, akafunga chupa, akaondoka bila hata kunywa kahawa. Mwaka ukaisha. Hatukusikia lolote.

Alhamisi iliyopita, asubuhi, nimekaa dakani juu ya mifuko ya saruji, maana nilikuwa nimeifanya kiti changu ili yeyote atakayeitaka aniondoe mimi kwanza. Namwona Bwana afya anakuja kwenye kichochoro, na nyuma yake fundi amebeba nyundo na tindo. Kaka Mahmud akatoka ndani. Nikajua wamekuja kufukia. Nikawaambia sitoki hapa, tena nikalisema kwa kelele, majirani wakafungua madirisha.

Bwana afya akavua miwani akaifuta. Akasema, "Bi Sumeiya, fundi amekuja kubandua kifuniko. Maji yako mazuri. Hiyo saruji siihitaji, lakini kama umezoea kuikalia, endelea."

Nakumbuka kaka Mahmud amejishika kwenye nguzo ya mlango, analia mbele za watu, na mimi namwambia apunguze, presha. Bwana afya ametuwekea masharti, na ni ya haki: maji yatapimwa kila baada ya miezi michache, na alizeti zitabaki birikani na suruali zao. Nani atazitoa? Samaki wenyewe sasa wanalala kivulini mwake.

Fundi alibandua kifuniko. Tulisoma Fatiha kwa roho ya mama, na jina lako nililitaja katika waliohudhuria. Ndoo ya kwanza tulimwachia Bwana Dawud, akakataa, akarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema apewe rafiki wa marehemu. Basi Bi Nana, ambaye macho yake sasa ni ya kukisia, akashika kamba, akateremsha, akavuta, na akaigonga ndoo kwenye jiwe palepale alipokuwa akiigonga siku zote. Akanywa, akasema, "Mayi ya Huwaida." Alimtaja mama kwa jina lake tu, kama walivyokuwa wakiitana enzi za usichana wao. Halafu akaniuliza zile mbegu.

Na saruji? Kaka Mahmud amempa Bwana Dawud yote. Sasa anafinyanga chubwi za saruji, ndogo, nzito, hazina sumu, na wavuvi hadi wa Faza wanaziagiza. Ile iliyonunuliwa kumfukia mama inashika nyavu chini ya bahari, na Mahmud akitaniwa hucheka mwenyewe.

Nisalimie shemeji Ghassan sana, mwambie deni lake la halwa bado nalikumbuka. Mpige Razan busu la shavuni, mwambie khaloo yake, yaani mimi, amemwekea picha ya ua. Kaka Mahmud na mkewe wanakusalimu, Ibtihal anakusalimu na anasoma kwa mtihani wake wa mwisho, Bwana Dawud anakusalimu, na Bi Nana anasema umwombee macho. Mungu akuponye goti, awape riziki ya halali na masikilizano, na atukutanishe kabla ya Ramadhani hii, sisi tukiwa wazima na wewe ukiweza kupanda ngazi zetu.

Nimekutandikia chumba cha mama, kile cha juu ya kisima, shuka ni zile za maua ulizoleta mwenyewe. Nililala humo usiku wa Ijumaa kukijaribu. Saa kumi ndoo ikagonga jiwe, ikafuata nyingine, na watu wakacheka kidogo huko chini wakiambiana wasituamshe. Nililala kimya nikisikiliza, nikasema, mama, imekufikia.

Kwa hiyo njoo, mdogo wangu, lakini nakwambia mapema: hutapata usingizi.

Dada yako akupendaye na anayekungojea,

Sumeiya